Chungu cha Nyumbani Nacho Chataka Daftari

Kila mtu ana udhaifu wake, na wangu nitauungama leo bila kuogopa kuchekwa. Napenda kusoma habari za chakula karibu sawa na ninavyopenda kula chenyewe. Nikipata karatasi yenye habari za mapishi, hata ikiwa imechanika nusu, siitupi mpaka niisome yote.

Udhaifu huu niliupata hapa hapa Emali nilipokuwa mwalimu kijana. Siku zile mandazi ya asubuhi yalifungwa kwa magazeti makuukuu. Nikisha kula, niliikunjua karatasi, nikafuta mafuta kwa kiganja, na kusoma kilichobaki. Siku moja niliangukia maelezo ya kupika keki. Yalitaka mayai sita, siagi robo kilo na tanuri la moto wa wastani. Nyumbani kwetu tulikuwa na mafiga matatu na sufuria mbili. Siagi niliijua kwa jina tu. Hata hivyo nilisoma mpaka neno la mwisho, na nakuapieni ya kwamba niliisikia harufu ya keki ile. Niliila kwa macho, nikashiba kiasi changu.

Maelezo mazuri ya upishi ni hadithi fupi. Yana mwanzo, yana mahali pa kuogopa pale kitu kinapokaribia kuungua, na mwisho wake ni watu kukaa pamoja na kunawa mikono. Yanakuingiza jikoni mwa mtu usiyemjua bila kupiga hodi. Nikisoma jinsi pilau ya Mombasa inavyopikwa, naona kitunguu kikigeuka rangi na nasikia bizari ikipasuka katika mafuta, nami niko kitandani Emali na taa inakaribia kuzimwa.

Lakini sikuja leo kujisifia usomaji. Nimekuja kueleza aibu iliyonipata.

Mwaka jana binti yangu aliyeolewa Nairobi alinipigia simu. Watoto wake walikuwa wamekula muthokoi hapa kwetu wakati wa likizo, na tangu warudi mjini walikuwa wakiudai kila jioni. "Baba," akaniuliza, "wewe una vitabu vyote vile vya mapishi. Muthokoi hupikwaje hasa, tangu mwanzo?" Nikamwambia asubiri. Nikaenda kwenye rafu yangu, penye vitabu tisa vya upishi. Kimoja kilinieleza biriani, kingine supu za Wafaransa, kingine namna kumi na mbili za kupika samaki, nasi Emali tumezungukwa na nchi kavu. Cha muthokoi hakikuwamo hata kimoja. Mimi niliyekula muthokoi kwa miaka sabini sikuweza kumwambia mwanangu zaidi ya kwamba mahindi hutwangwa, kisha huchemshwa.

Nikajiuliza: ni nani basi aliyeandika habari za chakula katika nchi hii? Mwaka 1928 akina mama wa Kanisa la St Andrew's, Nairobi, walitoa kitabu cha upishi kwa walowezi wa Kenya, nacho kikachapishwa tena na tena. Kilisaidia watu wapike huku vyakula vya kwao Uingereza. Kabla ya hapo Mswidi mmoja, Gerhard Lindblom, aliishi katika nchi ya Wakamba miaka ya 1911 na 1912, akaandika kitabu kinene juu ya maisha yao, na vyakula vyao vikiwamo. Siwalaumu watu hao. Mwenye kalamu huandika anachokula, au kinachomstaajabisha. Wa kulaumiwa ni sisi tuliopata kalamu baadaye, tukaitumia kwa kila jambo isipokuwa chungu cha mama zetu.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Ukambani tuna kumbukumbu nzuri sana ya njaa. Kila njaa kubwa tumeipa jina. Iko ya Mwanga, ya mwaka 1943, watu walipookolewa na muhogo. Iko ya Ndeke, ya mwaka 1961, ndege zilipodondosha chakula kutoka angani. Iko ya mwaka 1984, iitwayo Nikw'a Ngwete, maana yake nafa huku nimeshika. Mtu alikuwa na fedha mkononi na hakuna cha kununua dukani. Mzee yeyote wa hapa atakuhesabia majina hayo bila kukosea. Lakini mwulize mama yake alipika nini mwaka ule mvua iliponyesha vizuri na ghala likajaa, naye atatabasamu tu na kukosa maneno. Mwaka wa kukosa tumeupa jina, na mwaka wa kushiba tumeula ukaisha.

Basi nikachukua daftari na kalamu, nikaenda kwa mama yangu. Sasa ni kikongwe, mchi hauwezi tena, lakini kumbukumbu yake ni kali kuliko yangu.

"Mwaitu," nikamwambia, "nieleze muthokoi, nami niandike."

Akanitazama kana kwamba nimemwomba anieleze jinsi ya kupumua. "Unachukua mahindi," akasema.

"Kiasi gani?"

"Ya kutosha watu waliopo."

"Na maji?"

"Mpaka yatoshe."

"Na chumvi?"

"Mwanangu, shuleni walikufundisha nini?"

Tulishinda hivyo tangu saa nne mpaka jua likaanza kushuka. Nilipoona maneno hayatoshi, nilileta gorogoro ya mahindi, ungo na kikombe, nikamwomba anionyeshe kwa mikono. Hapo mambo yakanyooka. Haya ndiyo niliyoandika.

Kwanza, mahindi makavu humwagwa ungoni, yakachambuliwa punje kwa punje. Iliyooza, iliyobadilika rangi au yenye ukungu hutupwa, wala kuku hapewi. Pili, mahindi hunyunyiziwa maji kidogo, ngozi ilegee bila kiini kulowa, kisha hutwangwa kinuni. Mchi hauangushwi kwa nguvu zote, maana kinachotakiwa ni kuvua ngozi, si kusaga unga. Tatu, hupepetwa, hunyunyiziwa tena na kutwangwa tena, mpaka punje ibaki nyeupe na nzima. Ikiwa si ya kupikwa siku ile, huanikwa juani mpaka ikauke kabisa. Nne, kwa vikombe viwili vya muthokoi hutiwa kikombe kimoja cha kunde, maharagwe au mbaazi zilizolala majini usiku kucha. Vyote huchemshwa kwa moto wa polepole, saa mbili na zaidi, na maji yakipungua huongezwa ya moto, si ya baridi. Chumvi hutiwa mwishoni, vitu vikisha kuiva. Mwenye kitunguu na nyanya hukaanga, na asiyenavyo hula hivyo hivyo akashukuru.

Nilimwuliza mama kwa nini punje mbovu zisipewe hata kuku. Akasema, "Ndivyo mama yangu alivyofanya." Hakujua zaidi, wala hakuhitaji kujua zaidi. Lakini mimi nakumbuka mwaka 2004, na wasomaji wengi wa Makueni na Kitui wanaukumbuka pia. Mwaka huo mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliingia sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Watu 317 waliripotiwa kuugua na 125 wakafa, wengi wao wa wilaya zetu hizi mbili. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala moto wa jikoni hauimalizi. Baadaye, mwaka 2008, watafiti wa Kenya walichapisha uchunguzi wao juu ya muthokoi huu huu. Waliona kwamba kukoboa ngozi ya mahindi hupunguza sumu hiyo kwa kiasi kikubwa, kwa sababu sehemu yake kubwa hukaa nje ya punje.

Nisieleweke vibaya. Kinu hakigeuzi mahindi mabovu yakawa mazuri, na kinga ya kwanza ni kuyakausha vema na kuyaweka mahali pakavu. Lakini fikiri, ndugu msomaji. Kuchambua, kukoboa na kuanika juani ni mambo ambayo bibi zetu waliyatenda bila kuona kitabu, na ndani yake mlikuwa na kinga ya uhai. Sisi tukiyaita kazi za kizamani na kuyaacha yapotee, hatupotezi ladha peke yake. Ladha mtu aweza kuishi bila hiyo.

Wako watakaoniambia ya kwamba nalia bure. Emali, watasema, si kijiji tena. Ni njia panda. Barabara kuu ya Mombasa inapita hapa, ile ya Loitokitok inachepuka hapa, reli ya zamani ipo, na tangu 2017 treni ya reli mpya nayo inasimama. Vitunguu na nyanya za Loitokitok vinashushwa hapa, mifugo ya Wamaasai inauzwa hapa, na dereva wa lori akitaka chapati, pilau au viazi vya kukaanga atavipata usiku wa manane. Muthokoi wenyewe siku hizi unakobolewa kwa mashine na kuuzwa kwa kilo. Nani ana haja ya daftari la mwaitu?

Mimi sina ugomvi na mashine. Ingekuwepo mapema, mabega ya mama yangu yasingekuwa na maumivu yaliyo nayo leo. Wala sisemi chakula kisibadilike. Mahindi yenyewe ni mgeni aliyevuka bahari kutoka Amerika, akakuta mtama na mawele wakiwa wenyeji. Ninachosema ni kwamba chakula kilichoandikwa husafiri kikiwa na jina lake, na kisichoandikwa hupotea njiani. Tazameni mbaazi. Zinamea Ukambani kwa wingi, zinashuka kwa barabara hii hii mpaka Mombasa, na huko hupikwa kwa nazi na kuliwa asubuhi kwa mahamri. Mgeni yeyote anayetembelea pwani hurudi kwao na maelezo ya mbaazi za nazi, kwa sababu yamo vitabuni. Mbaazi zile zile zikiwa ndani ya muthokoi, huku zilikolimwa, mgeni huyo hajapata kuzisikia.

Sitaki kuwanyima sifa waliokwisha kuanza kazi. Mwaka 1999 Patrick Maundu na wenzake wa Makumbusho ya Taifa walitoa kitabu kikubwa juu ya mimea ya chakula ya asili ya Kenya, pamoja na majina yake katika lugha zetu. Nilipokipata, nilikisoma kama riwaya. Mboga nilizochuma nikiwa mchungaji wa mbuzi nilizikuta humo zimepewa heshima ya majina ya kitaalamu. Mwaka 2018 Serikali, ikisaidiwa na shirika la FAO, ilitoa kitabu cha mapishi ya vyakula vya kawaida vya Wakenya na virutubisho vyake. Na mwaka 2021 UNESCO iliorodhesha juhudi za Kenya za kulinda vyakula vya asili kuwa mfano bora kwa mataifa mengine, baada ya mimea kama 850 kuandikwa pamoja na majina yake ya kienyeji.

Hiyo ni kazi njema kabisa. Lakini vitabu hivyo viwili viliandikwa kwa Kiingereza, na mama anayepika ndiye asiyeweza kuvisoma. Kazi iliyobaki ni yetu, nayo haihitaji wafadhili. Inahitaji daftari la shilingi chache. Walimu wenzangu, mnapowapa watoto kazi ya kufanya wakati wa likizo, waambieni kila mmoja alete chakula kimoja kutoka kwa bibi yake, kwa Kikamba au Kiswahili, pamoja na vipimo na sababu. Msikubali "mpaka itoshe". Wahariri wa magazeti, tupeni pembe ndogo ya ukurasa kwa muthokoi, kama mnavyompa mpira kurasa nzima. Nanyi wanaume wenzangu mnaodhani jambo hili haliwahusu, kumbukeni ya kwamba mmekula miaka yote hii bila kuuliza, na kuuliza hakuvunji heshima ya mtu.

Binti yangu alipika. Mara ya kwanza mbaazi zilikuwa ngumu kwa sababu hakuzilaza majini. Mara ya pili watoto wakaomba kuongezewa. Nilipomletea mama habari hiyo, aliniomba nimsomee yale niliyoyaandika, kwa kuwa yeye kusoma hajui. Nikamsomea polepole. Alisikiliza amefumba macho, akitikisa kichwa kila nilipotaja kinu na ungo, na usoni nikaona furaha ile ile niliyoipata mimi kwa karatasi ya mandazi. Nilipomaliza akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Umesahau kuandika kwamba mtu aonje kabla ya kuepua."

Nikachukua kalamu nikaongeza. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ndugu msomaji, kama mama yako angali hai, nenda kwake wiki hii na daftari, kisha umsomee.