Gari imekataa kuwaka: watoto walikula batri usiku



Juma lililopita, saa tisa ya usiku, tuliitwa kwa jirani. Binti yake alishikwa na uchungu wa kuzaa. Gari ilikuwa pale kiwanjani, Toyota ya bwana wa mwenzetu mmoja, na mafuta yalikuwamo. Bwana akazungusha ufunguo: tik, tik, tik, halafu kimya. Akajaribu tena, taa za ndani zikafifia na kuzimika. Sisi wamama sita, tukiwa na vikwembe vya kulalia, tulisukuma mpaka barabarani, bure. Kesho yake fundi alitucheka: gari ile ni otomatiki, na otomatiki haiwaki kwa kusukumwa hata ukiita kijiji kizima. Binti alienda kwa pikipiki, amebanwa kati ya dereva na mama yake, katika baridi yetu hii, na sote tunajua usiku wa huku haufai kutembea ovyo. Mtoto alizaliwa mzima, tunamshukuru Mungu.

Asubuhi siri ikatoka. Kila jioni vijana wa nyumba ile walifunga nyaya kwenye batri ya gari: balbu moja ya kusomea, redio, na simu za majirani kwa franka kidogo. Hatuwagombeshi sana. Taa ya kusomea ni sisi walimu tunaoidai.

Lakini tuelewe kazi ya batri ya gari. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi mno kwa sekunde chache tu, ili demareri izungushe moteri. Gari ikitembea, alternateri inairudishia. Kwa hiyo vibati vyake vya risasi (yale madini, si ya bunduki) ni vyembamba. Ukiinyonya pole pole usiku mzima mpaka iishe, vibati vinashikwa na ukoko mgumu, na kila mara inajaa pungufu. Batri ya pano ya jua ina vibati vinene, inavumilia kazi hiyo. Ongeza baridi ya alfajiri, ambayo inapunguza nguvu ya batri na kufanya oili ya moteri kuwa nzito.

Basi gari ikikataa, tusikimbilie kununua batri mpya. Washa taa kubwa za mbele. Zikiwa hafifu, au zikizimika unapozungusha ufunguo, nguvu ya batri haifiki. Fungua kapo, uangalie vichwa viwili vya batri. Unga mweupe au wa kijani pale unazuia umeme. Gari ikiwa imezimwa, uoshwe kwa maji ya moto yenye bikarbonati kidogo, kisha vifungo vikazwe mpaka visicheze kwa mkono. Mara ngapi mtu ametoa dola kwa sababu ya kifungo kilicholegea! Lakini taa zikiwaka kwa nguvu na gari haizunguki, shida huenda iko kwenye demareri. Hapo mwachie fundi.

Fundi ana kipimo. Batri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inaonyesha kama 12,6. Ya jirani ilionyesha 11,4. Aliichaji mchana kutwa, na asubuhi ilikuwa imeshuka tena, ingawa haikufungwa kitu. Imekufa, basi. Alternateri ilikuwa nzima: moteri ikinguruma, kipimo kilisimama 14.

Ukipata gari ya pili ya kuazima umeme, utaratibu wa nyaya ni huu. Nyekundu kwenye kichwa cha kujumlisha (+) cha batri iliyoisha, halafu kwenye kujumlisha cha batri nzima. Nyeusi kwenye kutoa (−) cha batri nzima, na mwisho wake wa pili kwenye chuma kitupu cha moteri ya gari iliyokataa, mbali na batri. Gari nzima iwake dakika chache, ndipo nyingine ijaribiwe. Ule waya wa mwisho unaweza kutoa cheche, na batri inatoa gesi inayolipuka. Ndiyo sababu hauwekwi karibu nayo. Na ndiyo sababu hatuchaji batri jikoni wala chumbani wanamolala watoto, wala hatuiinamii na mshumaa kutazama maji yake. Maji yakipungua, ongeza maji ya batri, si ya kisima, wala asidi. Asidi ikiruka machoni, osha kwa maji safi mengi, dakika ishirini bila kuacha, huku mwingine akitafuta namna ya kufika hospitali.

Limebaki jambo moja linalotusumbua. Batri iliyokufa inanunuliwa kwa uzito, na kuna wanaoivunja ili kuyeyusha risasi. Kule Mombasa, mtaani Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha batri za zamani kilileta sumu ya risasi kwa watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, aliona mtoto wake mwenyewe anaugua. Akapigana mpaka kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 alipewa tuzo ya Goldman.

Ile batri ya jirani ingali nyuma ya jiko, kando ya mchanga wanapochezea wadogo. Jumamosi tutarudi kumwomba aiondoe.