Doli Mweusi ni Ushahidi, Tusimtupe

Neno "shindana" unalijua tangu nasari. Lakini ulijua kwamba mwaka wa 1968 lilikuwa jina la kiwanda cha wanasesere kule Los Angeles, Marekani? Shindana Toys kilianzishwa na Wamarekani Weusi katika mtaa uliokuwa bado unauguza majeraha ya ghasia za Watts za mwaka wa 1965. Doli wao wa kwanza aliitwa Baby Nancy. Baadaye wakaja wenzake, na majina yao hata nyanya yako angeyaelewa bila kutafsiriwa: Tamu, Zuri.

Kwani kulikuwa na shida gani na doli waliokuwepo? Kampuni nyingi zilikuwa zinachukua kalibu ileile ya doli Mzungu, zinamwaga plastiki ya kahawia, basi. Pua ileile, midomo ileile, nywele za singa. Baby Nancy alitengenezwa kwa kufuata uso wa mtoto Mweusi mwenyewe.

Na hii si story ya watoto tu. Miaka ya 1940, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwawekea watoto Weusi doli waliofanana kila kitu isipokuwa rangi. Wakawauliza: yupi mzuri? Yupi mbaya? Wengi walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Utafiti huo ulifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Brown iliyoharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma mwaka wa 1954. Doli alikuwa ushahidi kortini, manze!

Leo tunayajua haya kwa sababu kuna watu waliokataa kutupa. Wengi wao ni akina mama waliookota doli kwenye masoko ya vitu vikuukuu na minada, wakawageuza na kusoma chapa ndogo iliyo kisogoni au mgongoni: jina la kampuni, pengine na mwaka. Wakalinganisha na matangazo ya magazeti ya zamani. Wakauliza wazee. Kutokana na kazi hiyo ya polepole, Shindana, iliyofunga milango mwaka wa 1983, haikusahaulika. Mwaka wa 2020 Baby Nancy aliingizwa katika Jumba la Kitaifa la Heshima za Vichezeo kule New York.

Sasa turudi kwetu. Kuna watu watasema huo ni mchezo wa matajiri wa Marekani, huku sisi tunatafuta unga. Sawa, unga kwanza. Lakini kuandika jina la aliyeshona doli hakuli hata bob moja. Mama zetu walicheza na doli wa matambara na wa magunzi ya mahindi, yale manyoya ya hindi yakiwa ndiyo nywele za kusuka. Nani amewapiga picha? Nani ameuliza walishonwaje, waliitwa nani, waliimbiwa nini? Magunzi huoza na matambara huliwa na panya, na wanaokumbuka hawatakuwa nasi milele. Kisha tutakaa tuamini kwamba doli aliletwa na bale la mitumba Gikomba, akiwa na macho ya buluu.

Huhitaji digrii kwa kazi hii, na nasema hivyo nikiwa sina. Unahitaji simu, daftari na adabu ya kumsikiliza mzee bila kumkatiza. Ukimpata doli, mpige picha mbele, nyuma na kisogoni. Andika ametoka wapi, nani alimtengeneza na kwa kitu gani. Usimwoshe wala kumrekebisha kabla hujafanya hivyo, manake hata kiraka kina historia yake.

Makavazi nayo yatenge nafasi kwa vitu vya watoto, si mikuki na vibuyu pekee. Lakini tukingoja serikali tutangoja sana. Shindana haikungoja. Walichukua neno letu wakalifanyia kazi. Sisi wenye neno tunafanya nini?