Hawakumchagua Mwizi wa Milimani

"Steringi hafi," ndivyo tulivyoambizana vibandani tukitazama picha za Kihindi, na kila mtoto alijua kuwa ule ni mchezo. Ajabu ni kwamba watu wazima, tena waliosoma, wakizungumzia jimbo la Tamil Nadu nchini India huwanyima wapiga kura wa huko akili tuliyokuwa nayo sisi tukiwa na miaka tisa. Husema: watu wale walimwona steringi akiwatandika matajiri, wakampa serikali. Hoja tamu hiyo, na imejaa dharau.

Ushahidi wao ni filamu ya Malaikkallan ya 1954, yaani mwizi wa milimani. M. G. Ramachandran, MGR kwa wapenzi wake, anavaa barakoa, anawapora wenye mali na kuwagawia wanyonge. Akiivua, ni Abdul Rahim, mfanyabiashara Mwislamu anayeheshimika. (Kama babu yako alimpenda Dilip Kumar katika Azaad ya 1955, aliitazama hadithi hiyohiyo kwa Kihindi.) Mazungumzo yaliandikwa na M. Karunanidhi wa chama cha DMK, na ndani yake mna wimbo unaoahidi shule na kumaliza njaa. Mwaka 1977 MGR akawa Waziri Kiongozi wa jimbo, akabaki mamlakani hadi alipofariki mwaka 1987, ukiacha miezi michache. Basi, wanasema, kazi ya barakoa hiyo.

Barakoa gani? Januari 1967 mwigizaji mwenzake, M. R. Radha, alimpiga risasi. Picha iliyobandikwa kutani katika uchaguzi wa mwaka huo haikuwa na farasi wala upanga. Ilimwonyesha hospitalini, bandeji imemzunguka shingo. Sauti yake haikurudi tena kuwa ile ya sinema, na kura alipata. Nyuma yake kilikuwepo chama kilichoanza mwaka 1949 na kujijenga kwa mikutano na magazeti, pamoja na vilabu vya mashabiki vilivyopita mtaa kwa mtaa. DMK ilipomfukuza mwaka 1972, vilabu hivyo ndivyo vilivyokuwa mifupa ya chama chake kipya. Naye Karunanidhi, aliyeshika uongozi wa jimbo mwaka 1969, ni nani aliyewahi kukata tiketi ili aione sura yake?

Tena waliompa kura walipata kitu. Mwaka 1982 MGR, ambaye utotoni alionja njaa, alipanua mno mpango wa chakula cha mchana kwa watoto. K. Kamaraj wa chama cha Congress alikuwa ameuanzisha shuleni kabla yake, lakini mama ambaye mwanawe anapewa sahani ya wali haulizi nani alitangulia. Sikusudii kumsafisha. Mwaka huohuo wa 1982 serikali yake ilitunga sheria ya kuwaweka watu kizuizini hadi miezi 12 bila kesi, sheria ambayo mwizi wa milimani angekuwa wa kwanza kunaswa nayo. Hayo ndiyo ya kumhukumia MGR, na ni ya ofisini, si ya kwenye skrini.

Anayeng'ang'ania kwamba umaarufu wa sinema unatosha anieleze habari za Sivaji Ganesan. Kwa maoni yangu alimzidi MGR kwa uigizaji, tena kwa mbali, na mashabiki wake walijaza kumbi kwa miongo. Mwaka 1989 aligombea Thiruvaiyaru kwa chama chake mwenyewe, akaangushwa. Mwigizaji Rajinikanth alitangaza mwaka 2017 kuwa anaingia kwenye siasa, na mwaka 2020 akajitoa kabla hata ya kugombea.

Na yupo mwigizaji Kamal Haasan. Mwaka 2021 aligombea Coimbatore Kusini, katika jiji lilelile ambamo Malaikkallan ilitengenezwa kwenye studio za Pakshiraja. Alishindwa kwa kura 1,728.