Ujuzi Tunao Mtaani, Tunachokosa ni Karatasi na Vifaa

Hebu pita karibu na mjengo wowote Pipeline au Mukuru saa kumi na mbili asubuhi. Utapata vijana wamejipanga langoni, nguo za kazi zimo ndani ya mfuko wa plastiki. Foromani anatoka, ananyoosha kidole: wewe, wewe na wewe. Waliobaki wanarudi nyumbani kungoja kesho. Huenda wewe unayesoma hii umewahi kusimama hapo. Mimi nimesimama.

Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na mjengo ndio ulionipokea. Nilikuwa mtu wa mkono: kuchanganya simiti, kubeba mawe, kupandisha karai ghorofani. Siku moja saruji ilikuwa inaisha na foromani akatuambia tuongeze mchanga. Fundi mmoja mzee akakataa. "Moja, mbili, nne," alisema, yaani saruji kipimo kimoja, mchanga viwili, kokoto vinne. Alifukuzwa saa hiyo hiyo bila malipo. Sisi wengine tukanyamaza, tukaongeza mchanga. Sikuwa na uhakika nani alisema ukweli. Nilichojua ni kwamba nahitaji doo ya jioni.

Mzee huyo humjia akilini mwangu kila nikisikia jengo limeporomoka. Aprili 2016, jengo la ghorofa liliporomoka Huruma usiku wa mvua kubwa, likaua zaidi ya watu 40. Lawama ya majanga kama hayo huanzia kwa wenye majengo na wakaguzi wanaofumba macho. Lakini mafundi waliofunzwa vizuri, wenye vyeti, wanaweza kusema hapana leo na bado wapate kazi kwingine kesho. Asiye na karatasi anamezwa na foromani.

Na karatasi si lazima urudi shule miaka mitatu. NITA hutoa mtihani wa ufundi, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza: uashi, mabomba, umeme, useremala, kuchomelea. Tena kuna utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, unaoitwa RPL, ambao serikali iliuzindua rasmi 2024. Unaonyesha kazi unazojua, unapimwa kwa vitendo, ukifaulu unapewa cheti. Mzee wangu alikuwa na ujuzi wote huo mikononi. Kwenye makaratasi, mimi na yeye tulikuwa sawa.

Hapo ndipo wengi wanapokwama, wewe pia unajua. Mtu anapata cheti, anapigwa picha na wafadhili, halafu anarudi langoni kungoja kidole. Kwa nini? Kwa sababu hana timazi, hana pimamaji, hana drili, na hana pesa za kushika kazi ndogo mpaka mteja alipe. Hustler Fund ilipoanza Novemba 2022, mkopo wa mtu binafsi ulianzia shilingi 500, wa kulipwa ndani ya siku 14. Shilingi 500 hainunui hata mfuko mmoja wa saruji. Na nani kwenye mjengo hulipwa kazi yote ndani ya siku 14?

Mradi wa NYOTA umekaribia ukweli zaidi: ruzuku ya shilingi 50,000 kwa kijana anayeanzisha biashara, bila kurudisha. Umeweka pia nafasi ya RPL. Ninachoomba ni hivi viwili vifungwe pamoja. Fundi akifaulu mtihani, apate vifaa vya kazi wiki hiyo hiyo, si mwaka ujao baada ya vifaa vya kuazima kumkosesha wateja.

Jambo la pili ni kazi yenyewe. Tangu 2024, sheria ya nyumba za bei nafuu inamkata mwenye mshahara asilimia 1.5 kila mwezi. Nyumba zinajengwa mitaani kwetu. Mei 2025 zile za kwanza 1,080 zilikabidhiwa Mukuru. Basi kila mjengo wa pesa hizo uandike langoni ni vijana wangapi wa mtaa huo wameajiriwa, na wangapi wametoka pale na cheti. Tuhesabu watu kama tunavyohesabu vyumba.

Nawe usikae ukingoja. Ukiwa na wenzako watatu, mmoja wa mabomba, mmoja wa umeme, mmoja wa plasta, hiyo tayari ni kampuni. Isajilini. Mpango wa AGPO umetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, ingawa kazi za ujenzi zitawadai pia usajili wa NCA. Ni safari ya makaratasi, sikudanganyi, na serikali ikichelewa kulipa mtaumia. Ndiyo maana anzeni na choo cha jirani na bomba la ploti, mjenge jina na akiba kwanza.

Wiki iliyopita nilimwona yule mzee amesimama langoni asubuhi, na mfuko wake wa plastiki mkononi. Kidole cha foromani kilimruka, kikachagua kijana mwenye mabega mapana. Nitampeleka NITA mwenyewe. Wewe una mzee gani mtaani kwako?