Walionunua Studio ya Mwenyewe

Tumeshachoka kuambiwa kwamba ucheshi wa kuanguka na kugongana ni mchezo wa watoto, usiostahili kutajwa mbele ya watu wenye kupima vina na mizani. Wasemao hayo hupenda kuitolea mfano Abbott and Costello Meet the Keystone Kops ya mwaka 1955: wachekeshaji wawili waliokwisha chakaa, wakirudia vituko vya kale. Basi na waitazame tena.

Kisa chake ni cha mwaka 1912. Harry na Willie wanauziwa studio ya sinema kwa dola 5,000, kumbe muuzaji si mwenyewe. Wanamfuata hadi Hollywood, na huko wanamkuta amegeuza jina, amekuwa mwongozaji bingwa wa kigeni, wakubwa wanamnyenyekea. Wao waliodhulumiwa ndio wanaopewa kazi za hatari badala ya nyota. Hata askari wanaowakimbilia ni waigizaji waliovaa sare! Niambieni, ni tungo gani nzito iliyoifichua biashara ya sinema kwa ukali kama huu?

Mbio za magari za mwishoni ni ndefu kupita kiasi, hilo nalikiri.

Lakini mtazameni Bud Abbott, yule mrefu asiyecheka, ambaye wengi humdhania kuwa ni nguzo tu ya kuegemewa na Lou Costello. Yeye ndiye mwenye mizani. Hutupa neno, husita, hukaza, hurudi. Akichelewa kidogo tu, kicheko hufa. Sisi tuliolelewa katika malumbano ya washairi tungepaswa kuwa wa mwanzo kulitambua hili, kwani anayejibu hung'ara kwa vina alivyowekewa na aliyeanza. Wawili hawa walinoa majibizano yao kwa miaka mingi jukwaani kabla kamera haijawaona.

Na waliocheza kisa hicho cha kulaghaiwa hawakuwa mbali nacho. Kampuni ya Universal, iliyovuna fedha nyingi kwa Buck Privates ya mwaka 1941, iliachana nao baada ya filamu moja zaidi, mwaka huohuo wa 1955. Watoza kodi wakawaandama hata wakauza mali zao. Mwaka 1957 wakatengana, na Costello akafariki mwaka 1959. Harry na Willie angalau walimjua aliyewauzia.