Baridi Si Hewa Safi

Leo nauweka msimbo kando, ingawa mambo yenyewe yalianza nikitafuta hitilafu kwenye programu ya watu.

Mwaka jana nilikaa wiki tatu katika ofisi ya mteja mmoja hapa Nairobi. Sitaitaja. Chumba kimoja kirefu, watu thelathini na ushei, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi na honi za matatu, viyoyozi vitatu ukutani vikivuma kutwa. Asubuhi kila mtu mchangamfu. Ikigonga saa nane mchana nusu ya chumba inapiga miayo, macho yanawasha, vichwa vizito. Sisi tulilaumu ugali. Meneja alilaumu uvivu, na kijana mmoja wa kitengo cha majaribio akaandikiwa barua ya onyo kwa kusinzia kazini.

Sasa, mtu wa programu huuliza maswali mawili: tatizo linatokea lini, na linatoweka lini? Nikawauliza wenzangu. Ukitoka nje kununua chai, kichwa kinapata nafuu. Jumamosi nyumbani, hakuna shida. Jumatatu mchana, yale yale. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya hewa mbaya ndani ya jengo, na haihitaji kifaa chochote: watu wa chumba kimoja, saa zile zile, na wakitoka wanapona. Shirika la Afya Duniani limekuwa likiandika kuhusu hali hii tangu miaka ya 1980.

Na kiyoyozi je? Hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Kile cha kawaida cha ukutani hakileti hewa mpya. Mabomba yanayopita ukutani hadi kile kisanduku cha nje hubeba gesi ya kupoza, basi. Kinavuta hewa ya chumba, kinaipoza, kinairudisha. Mnapumua pumzi zenu wenyewe, ila zimepoa.

Nikaleta kifaa changu cha kupima hewa ukaa. Hewa ukaa tunayoitoa kifuani, kwa viwango vya ofisini, haiui mtu, lakini inaonyesha kama hewa ya nje inaingia. Nje siku hizi ni zaidi kidogo ya sehemu 420 katika kila milioni. Tangu 1858 Mjerumani Max von Pettenkofer alipendekeza chumba kisipite 1,000, na Japani iliweka kiwango hicho hicho katika sheria ya majengo ya 1970. Ofisi ile ilisoma 510 saa mbili asubuhi. Saa nane mchana, 2,150. Tukafungua madirisha mawili na mlango. Kabla ya nusu saa kupita ikawa chini ya 900.

Kabla hujakimbilia kununua kifaa, tahadhari. Vile vya bei ya chee vingi havipimi hewa ukaa kabisa. Vinanusa mvuke wa kemikali halafu vinakisia. Pulizia manukato karibu uone namba zinavyoruka. Tafuta kinachotumia mwanga wa infraredi. Na hata hicho kina ujanja wake: vingi hujirekebisha kwa kudhani kwamba namba ya chini kabisa ya wiki nzima ni hewa ya nje. Kwenye ofisi isiyolala, kama kituo cha simu cha saa 24, hewa haifiki huko kamwe, kwa hiyo kifaa kinajifunza uongo na kusoma chini kuliko ukweli. Kipeleke nje mara moja moja. (Nilipoteza siku mbili kwa kutojua hili.)

Je, inaathiri kazi? Watafiti wa Harvard waliwapima wafanyakazi 24, wakachapisha matokeo mwishoni mwa 2015: kwenye hewa yenye sehemu 1,400 hivi, alama za kufikiri na kuamua zilishuka kwa takriban nusu kulinganisha na 550. Kuna tafiti nyingine ambazo hazikuona athari ya hewa ukaa peke yake, kwa hiyo mimi siapi kwa namba hiyo. Lakini chumba kisichoondoa hewa ukaa hakiondoi pia harufu za rangi na zulia jipya, wala virusi vya anayekohoa pale pembeni.

Kuna ambavyo kifaa changu hakioni. Harufu ya kuvu na madoa dari inapovuja, hayo pua na macho yanatosha. Jenereta likinguruma karibu na dirisha ni hatari nyingine kabisa: kaboni monoksidi haina harufu, na inaua. Na kama dirisha liko juu ya stendi ya matatu, kulifungua kunaleta moshi. Hapo dai feni ya kuingiza hewa yenye kichujio.

Kwa maoni yangu, meneja asiandike barua ya onyo kabla ya kupima chumba. Sheria yetu ya usalama na afya kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe hewa safi inazunguka katika kila chumba cha kazi, kwa hiyo huombi hisani.

Ofisi ile sasa inafungua madirisha saa nne na saa nane, na feni mbili zimewekwa. Barua ya yule kijana, niliposikia mara ya mwisho, ilikuwa bado imo kwenye faili yake.