Majina ya faili yaandikwe bila nafasi

Sisi tuliorejea nyumbani, pamoja na wafanyabiashara wa mpakani, siku hizi tunaweka stakabadhi zetu kwenye kompyuta. Hapa Busiu mtu akishaskani cheti alichopata Kenya hukiita "cheti changu cha kidato cha nne", basi. Mimi niliyesomea ukimbizini, na sasa ni mwalimu, napinga mtindo huo.

Zamani kompyuta za MS-DOS zilikubali herufi nane tu, nukta, kisha tatu. Mwaka 1995 Windows 95 ikaleta majina marefu yenye nafasi, watu wakafurahi. Lakini katika anwani za mtandao nafasi hugeuzwa kuwa %20, na kiungo kikibandikwa kwenye ujumbe bila mageuzi hayo, mara nyingi hukatika penye nafasi ya kwanza. Mnunuzi aliye Nairobi haipati orodha yako ya bei ya mahindi. Wala hakuulizi, anamtafuta muuzaji mwingine.

Wapo wanaodai kuwa jina ni la kusomwa na binadamu, kompyuta ijisumbue yenyewe. Hawakosei kabisa. Lakini cheti-kidato-4-1997 kuna asiyeweza kulisoma? Tena Kiswahili kimezoea kuunganisha: "nitakuletea" lina mtu, wakati na mpokeaji ndani yake, na hakuna anayelalamika.

Mwenye hati za forodha aanze na mwaka, mwezi, kisha siku: 2025-03-14-ankara-malaba. Zitajipanga zenyewe kwa tarehe, na afisa akiitaka ankara ya Machi, hutaitafuta huku foleni ikikusonya.